Supu Isiyo na Mfupa

Mweiga nzima ilimwita Mpishi, na ajabu ni kwamba nyumbani kwake hakupika. Alikuwa amewapikia wageni wa hoteli moja ya Nyeri tangu kabla ya uhuru, akapika harusi na matanga kuanzia hapo mpaka Kiganjo, lakini mlango wa jiko la mkewe hakuuvuka. Alikaa nje kwenye kigoda akingoja sahani yake kama mgeni yeyote. Ikija na githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, iliyoungua, alikula githeri iliyoungua, akasema asante.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka tisa. Mimi ni mtu wa Taita. Nilipelekwa huko juu kufundisha shule ya msingi, nikapewa nyumba ya mwalimu iliyotenganishwa na shamba lake kwa ua wa miiba ya kayaba. Kigikuyu changu kilikuwa cha kununulia nyanya sokoni, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, yeye kile chake cha jikoni na mimi hiki changu cha darasani, na kila mmoja alimcheka mwenzake kwa siri. Ua ule ulikuwa na pengo la kupitia mtu mmoja, na miaka tisa hakuna aliyeliziba.

Alikuwa mrefu, na mgongo wake ulikuwa umezoea kuinamia masufuria hata pasipokuwa na sufuria. Alikuwa na aproni moja nyeupe aliyoondoka nayo hotelini. Aliifua mwenyewe na kuipiga pasi ya makaa, kisha akaivaa kwenda kuchimba viazi. Kofia yake, kinyume chake, sidhani iliwahi kuona maji. Nilipomuuliza kwa nini aproni ing'ae hivyo na kofia iwe vile, alinijibu kwamba aproni iko karibu na chakula na kofia iko karibu na Mungu, na Mungu anamjua.

Kumenya viazi kwake ilikuwa kama ibada. Ganda lilitoka refu na jembamba, likizunguka kiazi kizima bila kukatika, naye akalishika juu kulipima na mwanga. "Ukiona jua, umemenya vizuri," alisema. "Ukiona kiazi, umeiba." Mara ya kwanza niliyomenya mbele yake aliokota maganda yangu, akayatazama kwa huzuni, akayatia tena kwenye sufuria.

Sasa niseme habari ya supu yenyewe, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane. Haikuwa na mfupa. Katika miji yote inayouzunguka ule mlima wa theluji wa kule, supu ni mfupa: kichwa cha mbuzi, miguu ya ng'ombe, kitu kinachochemka tangu alfajiri nyuma ya bucha na kunywewa na wanaume wakiwa wamesimama. Ya Mpishi ilitoka kabatini. Kitunguu kimoja, viazi vya aina mbili, kikombe cha minji, yaani njegere, kavu au maharagwe yaliyobaki jana, karoti ikiwepo, yale majani ya nje ya kabeji ambayo wengine humpa ng'ombe, kijiko cha mafuta na konzi moja ya unga wa mahindi. Mtu asiye na hivyo, alisema, hahitaji supu, anahitaji shamba.

Alianza na unga. Aliukaanga mkavu mpaka nyumba ikanukia mahindi ya kuchoma, akauweka kando. Halafu kitunguu, kwa moto mdogo na subira kubwa. Mimi sina subira.

"Hiyo kitunguu bado," alikuwa akiniambia kila niliposhika mwiko. "Iko mweupe kama mzungu amefika jana. Wacha jua imupige kidogo."

Kitunguu kilipofika rangi ya chai, viliingia viazi vya unga, vimekatwa vidogo ili vivunjike na kuipa supu uzito. Viazi vigumu vilifuata baadaye, vipande vikubwa, ili mtu apate cha kutafuna. Maji yalikuwa yale yale yaliyochemsha maharagwe. Kuyamwaga maji hayo mbele yake ilikuwa sawa na kumtukania mama. Ule unga wa kukaanga ulikuja karibu na mwisho, umekorogwa kwa maji baridi, na hapo supu iligeuka nzito, ya kahawia, ikawa na harufu fulani ya moshi iliyoudanganya ulimi kwamba kuna nyama mahali.

Chumvi ilikuwa ya mwisho kabisa. "Chumvi ni mgeni," alisema. "Haiwezi ingia kabla ya wenye nyumba kukaa." Aliitia kwa vidole vitatu, mara moja, na baada ya hapo haikuongezwa. Hakuonja kwanza na hakuonja baadaye. Vidole vyake vilijua, alisema. Aliyeomba chumvi mezani alikuwa amemwambia hadharani kwamba hajui kazi.

Nilimwona akifika kilele cha kazi hiyo siku ya harambee ya kujenga madarasa mawili ya shule yetu. Ng'ombe wa kuchinjwa alikuwa ameahidiwa kutoka upande wa Nyandarua. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye matope, ng'ombe akabaki hai. Saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa watu waliolowa, wanatetemeka, na kamati inatazamana. Mpishi alifunga aproni. Akawaambia akina mama kila mmoja aende nyumbani arudi na kitu kimoja tu kilichoko jikoni, hata kikiwa kidogo, asione haya. Wakarudi na viazi ndani ya viondo, vitunguu viwili viwili, minji kwenye kitambaa, unga kwenye kikombe. Mmoja, ambaye nilijua hana kitu, alileta kuni moja, naye Mpishi akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka motoni kwanza kabla ya nyingine zote.

Saa nane watu walikunywa supu kutoka mapipa matatu. Mzee mmoja alizungusha kijiko chake kwenye kikombe muda mrefu, akaniuliza mfupa umejificha wapi. Mgeni wa heshima naye, mtu mnene aliyetoka Nyeri kwa gari, alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaomba chumvi. Mpishi alimsogelea na mwiko mkononi.

"Chumvi iko ndani, mheshimiwa," alisema. "Tafuta."

Mheshimiwa alitafuta. Nadhani aliipata, maana aliongeza bakuli la pili. Madarasa yalijengwa.

Nisimfanye malaika. Alilisha uwanja mzima bila kuona shida, lakini njiti ya kiberiti hakukopesha. Ukimwendea, alikupa kaa la moto kwenye kopo na kukuambia ukimbie. Kisu chake hakikuguswa na mtu. Alinuniana na mwenye bucha ya Mweiga miaka mitatu kwa sababu ya neno moja alilolisema huyo kuhusu viazi, nao walikuwa wanaimba kwaya moja, sauti moja, wanashika kitabu kimoja cha nyimbo. Mimi mwenyewe alinitukana vizuri. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea ugali kwa heshima ya ujirani. Aliuonja, akatazama ukuta wa nyumba yake uliokuwa na ufa, akaniuliza kama ninaweza kupika mwingine kidogo wa kuziba pale.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini nilishangaa kwamba mtu mwenye ulimi wa namna hiyo alikula miaka yote githeri ya mkewe bila neno. Mke huyo sote tulimwita Cucu, yaani nyanya au bibi kwa Kigikuyu, ingawa hakuwa mzee sana wakati huo. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kicheko cha ghafla, na kwa kweli hakujua kupika. Mahindi yake yalikuwa magumu, maharagwe yake yamepasuka, chumvi yake kama ya kulambisha ng'ombe. Nilimwuliza Mpishi siku moja anawezaje.

"Mwarimu, mimi ni mpishi huko nje," alisema. "Hapa mimi ni bwana tu."

Cucu ndiye aliyenisimulia sababu, huku akipepeta maharagwe na kucheka mpaka machozi. Zamani, walipokuwa na mtoto mmoja tu, Mpishi alirudi likizo kutoka hotelini, akaingia jikoni kwake, akafunua chungu kilichokuwa motoni, akanusa, akasema kinahitaji kitunguu. Kwa watu wa kule, jiko ni la mwanamke kama vile jina lake ni lake. Mume akifunua chungu cha mkewe ni kama amesema mbele ya ukoo kwamba nyumba hiyo haina mama.

"Nikabeba mtoto mgongoni na chungu kwa kichwa, na githeri ndani," Cucu alisema. "Nikaenda kwetu. Nikaambia baba yangu, onja, kama iko na shida nitakaa hapa."

"Baba akasema nini?"

"Akakula yote. Akasema bwana yangu alete kondoo."

Mpishi alipeleka kondoo dume mmoja mnene, akaomba msamaha kwa wazee, akarudi na mke, mtoto na chungu. Tangu siku hiyo hakuvuka mlango ule. Waliishi vizuri sana, kusema kweli. Jioni nilikuwa nikiwasikia ng'ambo ya ua wakibishana juu ya mvua, na kicheko cha Cucu kikapasuka, na kikohozi cha Mpishi kikakifuata.

Halafu Cucu akapata kiharusi. Aliamka asubuhi moja upande wa kulia umekufa, mkono haushiki, mdomo umekwenda upande. Hospitali ya Nyeri walimlaza wiki tatu wakamruhusu. Daktari alimwambia Mpishi kwamba dawa imefanya kazi yake, kilichobaki ni chakula: laini, chenye nguvu, kila siku, la sivyo atapungua mpaka aishe. Binti yao aliyeolewa Murang'a alikuja akakaa mwezi mmoja, kisha akarudi kwa watoto wake. Majirani walileta uji. Cucu aliunywa siku mbili, akauchoka. Githeri hakuweza kutafuna.

Mpishi alipika supu nje, kwenye mawe matatu aliyoyapanga mwenyewe uwanjani, akaipeleka kitandani kwa mikono yake. Nilikuwepo. Cucu alilitazama bakuli, akamtazama yeye, akageukia ukuta.

"Mimi bado niko hai," alisema, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Nikikufa, ndio utapika."

Mpishi alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Cucu alikataa. Mashavu yake yakaingia ndani. Nilimwona Mpishi ameketi kwenye kigoda, bakuli limepoa magotini, mtu aliyeshibisha Nyeri nzima na hawezi kumlisha mtu mmoja. Nilimhurumia, na nilimkasirikia Cucu, nikamkasirikia na yule kondoo.

Siku ya nne, nilipotoka shule, nilimkuta Mpishi jikoni kwangu. Amevaa aproni. Meza imepangwa: viazi, kitunguu, minji, unga.

"Mwarimu," alisema, "leo wewe umepika supu."

"Mzee, Cucu anajua mimi siwezi kupika hata maji."

"Umejifunza. Na wewe si mtu wa hapa. Ukikosea, watasema ni mgeni."

Kisha akafanya jambo ambalo silisahau. Akachukua kile kisu chake, ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, akanigeuzia mpini. "Kata hiyo kitunguu," alisema. "Ukikata wewe, si uongo yote."

Nilikata. Nililia kama kawaida ya vitunguu. Yeye alipika mengine yote, polepole kuliko nilivyowahi kumwona, akaviponda hata viazi vigumu ili kusiwe na cha kutafuna. Nikapita penye pengo la kayaba na bakuli lililofunikwa, yeye akabaki kwangu amesimama dirishani.

Cucu alikula bakuli lote. Nilimlisha kijiko kwa kijiko, na kila kilichoteleza kwenye upande uliolala nilikifuta. Niliporudi nikamwonyesha Mpishi bakuli tupu, alilichukua, akalitazama ndani kwa muda, akaliosha mwenyewe. Alinikataza kabisa nisiseme. Cucu akijua ni yeye, alisema, atafunga mdomo tena, na mara hii hatafungua.

Tukaendelea hivyo. Kila siku saa kumi na moja, kitunguu changu na supu yake. Cucu akaanza kupata rangi. Wiki ya tatu hivi, alipomaliza kula, alinishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Mwarimu, hii supu ni wewe umepika?"

"Ni mimi, Cucu."

"Na hii mikono?"

"Nilikata kitunguu," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja tu, lakini kilikuwa kile kile. "Huyo mtu anakusaidia kupika, chumvi yake iko chini," alisema. "Tangu zamani, hata kwa harusi. Lakini usimwambie. Nikijua ni yeye, itabidi nikatae. Na mimi niko na njaa."

Hivyo nikawa na siri mbili, moja huku na moja kule, na mimi katikati na bakuli. Niliwahi kutaka kucheka katikati ya darasa nikikumbuka. Wakati mwingine niliona uchungu, kwamba watu wawili waliopendana hivyo wanapelekeana chakula kupitia kwa mgeni wa Taita. Lakini Cucu alikuwa anakula. Alifika mahali pa kukaa nje juani, akawafokea kuku. Aliishi mvua mbili za masika baada ya hapo, na alipokufa alikufa usingizini, tumbo likiwa limeshiba. Supu ya jioni ile nilimlisha mimi.

Baada ya mazishi Mpishi hakuja tena jikoni kwangu. Haikupita muda nikahamishwa kwenda Karatina, na maisha yakanichukua, watoto, kazi, na uvivu wangu wa kutembelea watu. Ile siri ya Cucu nilikwenda nayo. Niliahidi, na ahadi kwa marehemu naiogopa.

Nilirudi Mweiga mara moja tu kumwona, miaka mingi baadaye, nywele zangu nazo zimeanza kuwa nyeupe. Pengo la kayaba lilikuwa bado lipo. Jiko la Cucu limesimama, mlango umefungwa, mbele yake pamefagiliwa vizuri. Mpishi alikuwa nje, pale pale uwanjani kwenye mawe yake matatu, amevaa aproni iliyogeuka rangi ya maziwa, anapika. Mgongo ulikuwa umeinama kabisa sasa, hata uso haukuwa mbali na sufuria.

"Mwarimu," alisema bila kushangaa. "Kitunguu ilikuwa inakungoja."

Hakikuwa kinaningoja, kilikwisha iva zamani. Alikuwa tayari ametia chumvi. Tulikaa tukaulizana habari za watoto na za mlima, ambao siku hiyo ulikuwa wazi mpaka theluji yake. Nilimwuliza kwa nini haingii jikoni, mvua ikinyesha afanyeje.

"Hapo si kwangu," alisema.

Akakoroga. Akakoroga tena, pasipo haja. Kisha akasema, akiitazama supu, "Unajua, mimi namshukuru Mungu alikula. Lakini siku ingine nafikiria. Miaka yote tumekaa na yeye, mimi nimekula mkono yake. Yeye yangu hapa nyumbani hakuonja hata siku moja. Alikufa akijua ni supu ya Mwarimu."

Nilifikiria ahadi yangu, na nikafikiria kwamba Cucu alikuwa ameniambia nisiseme kwa sababu alikuwa na njaa, na sasa hakuwa na njaa tena.

"Mzee," nikasema, "alijua."

Mwiko ulisimama.

"Alijua tangu wiki ya tatu. Alinikataza nisikuambie, kwa sababu ungejua anajua angelazimika kukataa. Alikula akijua ni wewe. Kila siku."

Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa inatafuna kitu ambacho hakikuwemo.

"Alisema nini?"

"Alisema chumvi yako iko chini. Tangu zamani."

"Chumvi?"

"Chumvi."

Nilidhani amekasirika, maana alinyooka mpaka pale mgongo ulipoweza kumfikisha. Aliangalia ule mlango uliofungwa kwa muda mrefu. Kisha akachota kijiko cha supu, akakipuliza, akaonja. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akionja baada ya chumvi kuingia.

Alisogea taratibu mpaka kwenye kopo lake, akachukua chumvi kwa vidole vitatu, akarudi, akaitia, akakoroga. Akaonja tena.

"Kweli," alisema. "Ilikuwa chini."

Akachota mabakuli mawili. Moja alinipa mimi. La pili alilishika mwenyewe kwa mikono miwili, akakigeuza kigoda chake kuelekea ule mlango, akaketi, akala.